Uzoefu wangu na hudi ya mpira: kupiga picha kupitia kioo bila mng'ao

Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kutumia hudi (kinga ya mwanga inayovishwa mbele ya lenzi) ya silikoni laini, ile pana kama bakuli, kupigia picha vitu vilivyo nyuma ya kioo hapa Dodoma: nguo kwenye madirisha ya maduka, makabati ya sampuli za madini, na zaidi ya yote dirisha la treni ya SGR, reli yetu ya kisasa. Naipendekeza kwa moyo wote, ila si kwa kila kioo.

Kinachoharibu picha ni mwanga wa upande wako mwenyewe: shati jeupe, taa ya dari, mlango ulio wazi nyuma yako. Ukingo wa hudi ukigusa kioo pande zote, mwanga huo hauna pa kupita. Ukiacha mwanya wa kidole kimoja tu, upande huo wa picha unapauka kama umemwagiwa maziwa. Kwenye skrini ndogo ya kamera huwezi kuliona hilo upesi, kwa hiyo kagua ukingo wote wa mpira kabla ya kubonyeza.

Kuna wanaosema polaraiza, kile kichujio cha kukata mng'ao kinachofungwa mbele ya lenzi, inatosha. Inakata mng'ao vizuri ukipiga kwa ubavu, lenzi ikiwa kwenye nyuzi 30 hadi 40 kutoka uso wa kioo. Ukikikabili kioo moja kwa moja haisaidii chochote, na bado inakula mwanga stopu moja hadi mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga). Tena vioo vya magari vilivyokazwa kwa joto hutoa madoadoa meusi ukivitazama kupitia polaraiza. Ivue.

Kwenye treni ndipo hudi hii inapolipa. Kaa upande usiopigwa na jua, maana jua likigonga kioo, kila chembe ya vumbi inawaka. Futa kioo kwa ndani. Shata iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, na apecha (tundu la lenzi) iwe wazi, f/4 au namba ndogo zaidi. Ukilibana tundu hadi f/11, uchafu wa kioo unaanza kuonekana kama madoa. Fokasi weka kwa mkono, kwa sababu fokasi ya otomatiki hung'ang'ania mikwaruzo ya kioo. Hudi iguse kioo tu, usiikandamize: dirisha linatetemeka, na ukikandamiza mtetemo wote unahamia kwenye kamera. Mibuyu na vilima vya mbali vinatoka safi. Nguzo za kando ya reli achana nazo, treni inafika kilomita 160 kwa saa.

Kasoro zipo. Silikoni nyeusi inanasa vumbi letu vibaya sana. Ioshe kwa maji na sabuni, vinginevyo unabeba mchanga na kuusugulia kwenye kioo cha watu. Kwenye lenzi yangu ya kipenyo cha milimita 77 inashika imara, kwenye ya 52 inachomoka. Lenzi ya pembe pana, ukiiinamisha upande, pembe za picha zinaingia giza. Kioo cha tabaka mbili nacho huacha taswira hafifu ya pili, nayo hupungua ukipiga ukiwa umekikabili sawasawa.

Kabati lisiloruhusiwa kuguswa, hudi iache mfukoni. Chukua kitambaa cheusi cha pamba, mita moja na nusu kila upande, toboa tundu la lenzi katikati, mwenzako akishike kati yako na kioo. Satini haifai, inang'aa. Fleshi izime.