Kisekka kwa anayejiundia gari la spoti: injini zipo, gia za mkono shida

Kwa anayepanga kujiundia kigari cha spoti, cha viti viwili na injini nyuma ya viti, soko la vipuri vya mitumba la Kisekka pale Kyaggwe Road, Kampala, ndipo pa kuanzia. Kwa injini za Toyota soko hili linastahili sifa zake. Kwa gia za mkono linachosha.

Injini inayofaa kazi hii ni 4A-FE, ile ya Corolla na Carina za miaka ya 90: cc 1587, kila fundi anaijua, na mkanda wa taimingi ukikatika valvu hazigongi pistoni. Usinunue injini tupu. Agiza seti nzima: injini ikiwa bado imeungana na gia boksi, kompyuta yake, waya zote, drivshafti mbili, habu (vitovu vya magurudumu) na maunti (vishikizo vya injini). Ukikusanya kipande kimoja kimoja kutoka vibanda tofauti, gharama inapanda na vitu havioani. Soketi ya waya za toleo moja huenda isiingie kabisa kwenye kompyuta ya toleo jingine. Muuzaji akishika koleo ili aitoe injini haraka, mzuie. Waya zilizokatwa zitakusumbua kuliko kuchomelea chasi.

Seti iliyoungana ina faida nyingine: stata ina pa kukaa, hivyo kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inapimwa palepale kwa betri. Toa plagi zote nne, fungua kipepeo cha hewa hadi mwisho, zungusha. Kitabu cha Toyota kinataja psi 191 (psi ni kipimo cha mgandamizo) kwa injini isiyochakaa, ila hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo 165 hivi ni injini nzuri kabisa. (Kwa sababu hiyohiyo, usitegemee nguvu zote zilizoandikwa kitabuni.) Cha kutilia shaka ni tofauti inayozidi psi 14 kati ya silinda na silinda. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi. Fungua na kifuniko cha oili: ukikuta ute wa rangi ya maziwa, maji yameingia, achana nayo. Njoo na geji yako mwenyewe. Muuzaji anayekataa kipimo, mpite.

Sasa gia. Magari mengi yaliyotoka Japani ni otomatiki, kwa hiyo gia boksi ya mkono ya C50, ile ya gia tano inayoungana na 4A-FE, ni ya kuwindwa. Ukiipata, ije na flaiwili (gurudumu zito linaloshika klachi), klachi, pedali na boliti za flaiwili. Boliti za otomatiki ni fupi. Ukizilazimisha zitang'oa hesi za krenkishafti. Kompyuta nayo iwe ya gari la mkono. Na hali haitakuwa rahisi zaidi: tangu sheria ya 2018 ikataze kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, Corolla hizi haziingii tena nchini zikiwa nzima. Anayeamua kuchukua 1ZZ-FE, injini ya Toyota ya baadaye, badala yake, kama gari ilimotoka lilikuwa na ufunguo wa chipu, achukue ufunguo na kompyuta pamoja, maana kompyuta hiyo haiwashi injini bila ufunguo wake.

Injini ihamie nyuma ikiwa imetazama vilevile ilivyokuwa mbele. Ukiigeuza, utakuwa na gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Kebo za gia za Corolla zilikatwa kwa kwenda mbele na hazitafika. Tenga pesa za kutengenezewa ndefu. Bomba za maji za kwenda kwenye rejeta ya mbele zipewe koki ya kutolea hewa mahali pa juu kabisa, la sivyo hewa itakwama na hedi itaungua.

Habu za mbele zikiwa nyuma, mikono yake ya usukani lazima ifungwe kwa fimbo imara zisizo na mchezo, zenye urefu na mwinamo sawa na mkono wa chini wa sasipensheni. Vinginevyo magurudumu yatajigeuza kila ukipita tuta. Hapo ndipo mtumba unapokoma: boljointi, tairodi na hosi za breki nunua mpya, hata muuzaji akiapa vipi.

Kabla ya kutoa pesa, dai risiti yenye namba ya injini, kisha isugue bloku kwa brashi ya waya na uisome namba hiyo kwa macho yako.