Siku tatu za maigizo na vichekesho, kwa sikio moja

Nianze na sikio, maana maoni yangu yote yamepitia hapo. Niliendesha matatu ya Buruburu, Nairobi, nambari 58, miaka kumi na saba. Miaka saba ya mwisho nilikuwa kwenye manyanga, matatu ya madoido, iliyofungwa spika hadi chini ya viti, na muziki ukanila sikio la kushoto, lile linaloelekea ndani ya gari. Daktari alisema limebaki robo. Naona alinipendelea. La kulia ni zima. Hilo lilikuwa likipigwa na upepo wa dirishani na matusi ya madereva wenzangu tu.

Kwa hivyo binti yangu alipotununulia mimi na mama yake tiketi za tamasha la sanaa, siku tatu, kumbi kadha mjini, nilimwambia amezitupa pesa zake bure. Mtu asiyesikia neno la mwisho la mzaha ni kama abiria aliyelipa nauli ya Buruburu akashushwa katikati ya Jogoo Road. Tiketi moja ilikuwa shilingi 2,500 ukinunua mapema, ama 1,200 kwa siku ukilipia mlangoni. Unatuma kwa M-Pesa, unaonyesha ujumbe, unafungwa utepe mkononi. Utepe wenyewe usiuvue ukioga. Mke wangu aliuvua wake Jumamosi asubuhi, tukapoteza nusu saa mlangoni tukieleza.

Ijumaa usiku ilikuwa zamu ya wachekeshaji, katika ukumbi ambao sitautaja. Ni uwanja wa nyuma wa baa moja upande wa Westlands. Ratiba ilisema saa moja. Mchekeshaji wa kwanza alipanda saa mbili na dakika arobaini, na muda huo wote tulipigiwa muziki kwa kiwango kile kile kilichonimaliza sikio la kwanza. Nikawaza, hapa nimelipa ili niliwe na la pili.

Aliyechagua mahali pale hakufikiria sauti hata dakika moja. Juu ni mabati, chini ni vigae, pande mbili ni vioo. Neno likitoka kwenye spika linagonga kioo, linarudi, linakutana na mwenzake njiani. Na wachekeshaji wetu, wengi wao, wanashika kipaza sauti kama mtu anayekula hindi choma. Watano walipanda. Wawili wa kwanza sikuwasikia vizuri na bado nilijua kila walichosema: kabila hili na pesa, kabila lile na mapenzi, sisi Waluhya na chai. Mimi ni wa Kakamega, mizaha ya chai nimeisikia tangu chai ilipokuwa rahisi. Mzaha ukiujua kabla haujaisha, sikio halina kazi.

Wa tatu alikuwa mwanamke. Alipopanda alifanya jambo moja ambalo nataka wachekeshaji wote wa Nairobi walisome hapa: alikilaza kipaza sauti kwenye kiti, akashuka hadi meza za mbele, akaanza kuongea kama anayekusengenyea jirani. Ukumbi wote ukanyamaza ili umsikie. Alisema keateka wa ploti yao huandika kwa chaki mlangoni, "Maji yatarudi," lakini hasemi lini, na kwamba baba ya mtoto wake naye alimwachia ujumbe wa mwandiko huo huo. Nilisikia kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Dakika kumi na mbili alizopewa, hakuna hata moja niliyoikosa.

Wa nne akapanda, akainua kipaza sauti kutoka kwenye kiti, akakirudisha mdomoni. Mambo yakawa yale yale. Cha kuniudhi ni kwamba huyu ndiye aliyechekesha watu kuliko wote. Mke wangu alikuwa anafuta machozi kwa leso.

"Amesema nini?"

"Nitakwambia nyumbani."

Hakunambia, tulifika tumechoka. Nilikaa na jambo hilo wikendi nzima.

Enzi za Redykyulass, mwishoni mwa miaka ya tisini, vijana wale watatu walikuwa wakimwigiza Rais Moi naye angali Ikulu, na tulikuwa tukiwatazama kwenye televisheni ndogo ya kibanda cha chai pale steji, watu arobaini wamesimama, magari yakinguruma. Na tulisikia! Mmoja wao, John Kiarie, baadaye akawa mbunge wa Dagoretti Kusini, kazi ambayo watu husema pia ni ya kuigiza. Nadhani siri yao ilikuwa kungoja. Walisema, wakanyamaza, tukacheka, tukamaliza, ndipo wakaendelea. Hawa wa Ijumaa wanasema mzaha wa pili juu ya kicheko cha wa kwanza, kama matatu mbili zinazogombania abiria mmoja.

Jumamosi nilikwenda shingo upande. Mchezo ulikuwa Kenya National Theatre, saa tisa mchana. Nyumba hiyo ilifunguliwa 1952, ng'ambo tu ya hoteli ya Norfolk, na karibu na hapo ndipo watu waliokuja kudai Harry Thuku aachiliwe walipopigwa risasi mwaka 1922. Barabara sasa ina jina lake. Miaka yote ya udereva nilikuwa nikiiona nikikwepa foleni ya University Way, sikuwahi kuingia. Maisha yangu yote steji ilikuwa mahali pa kubebea watu.

Mlangoni binti mmoja wa tamasha alitupokea: "Karibu baba, karibu mama, ketini popote." Nikamwambia nataka upande wa kushoto, safu ya tano, ili jukwaa liwe upande wa sikio langu zima. Hakushangaa, alitupeleka kwa tochi ya simu. Mke wangu akakaa kushoto kwangu, upande ambao hata akininong'oneza vipi hanisumbui. Viti ni vizuri; ukumbi ulikarabatiwa ukafunguliwa upya 2015, na magoti yangu yanashukuru.

Mchezo ulikuwa wa Kiswahili. Ndugu wawili wanagombania mahali pa kumzika baba yao, mmoja anataka kijijini, mwingine kwenye kiwanja alichonunua Kitengela, na mama yao amekaa katikati kwenye kigoda akichambua mboga. Waigizaji saba. Vipaza sauti: hakuna. Nilipogundua hivyo niligeuka nimwambie mke wangu turudi nyumbani. Kisha yule mama akafungua kinywa.

Hakupiga kelele. Alikuwa anaongea kama bibi yeyote anavyoongea akiwa na mboga mkononi, lakini kila neno lilinifikia limekamilika, na nilipochungulia nyuma niliona hata wale wa safu za mwisho wanacheka wakati mmoja na sisi. Nilimchunguza kama ninavyochunguza gari lenye mlio. Kwanza, kila sentensi alikuwa akiimaliza akitutazama sisi, hata kama anaongea na mwanawe aliyesimama pembeni. Pili, hakuwa anameza mwisho wa neno. Kiswahili chetu hupigia mkazo silabi iliyo kabla ya mwisho, halafu sisi watu wa Nairobi ile ya mwisho tunaiachia upepo. Yule kijana aliyeigiza mwana mdogo alikuwa na ugonjwa huo. Alisimama katikati, akajipiga kifua, akasema anataka kuzika Kitengela, nami nikasikia anataka kuzikwa Kitengela. Dakika tano nzima nilikuwa nikijiuliza huyu mzima ana shida gani, na mbona mama yake hastuki.

Mtoto mchanga akalia huko nyuma. Unajua ile hali ya ukumbi mzima kugeuka kumwangalia mama wa watu vibaya. Yule bibi hakuinua hata macho kutoka kwenye mboga. "Mnyonyesheni huyo, maiti haitoroki." Watu wakaanguka. Mama mwenye mtoto naye akacheka, akanyonyesha, na mchezo ukaendelea kama vile mtoto alikuwa ameandikwa ndani yake.

Si kwamba haukuwa na kasoro. Saa mbili na dakika kumi ni nyingi, na baada ya mapumziko aliingia wakili mwenye hotuba ndefu iliyotueleza tulichokuwa tumeshaona. Pia kulikuwa na mchungaji mlafi. Sijui ni sheria ipi inayosema kila mchezo wa Nairobi lazima uwe na mchungaji mlafi. Lakini mwisho wa mchezo mama alimwaga mboga zote chini, moja moja, bila neno, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa sikuhitaji sikio lolote.

Jioni ile kulikuwa na kingine cha vijana, Kiingereza na Sheng, moshi na kucheza dansi. Nililala. Mke wangu anasema kilikuwa kizuri, basi mwamini yeye.

Jumapili tulifika mapema tukanywa chai nje. Chai shilingi 150 kikombe, sambusa 100 moja, na sambusa yenyewe ilikuwa hewa iliyotiwa dania. Beba yako. Vijana walikuwa wanapita wakigawa vikaratasi vya michezo yao, wanakushika mkono, "Mzee, saa kumi, viti vimebaki viwili tu!" Viti vilikuwa vimebaki thelathini. Nilijiona nyumbani kabisa.

Binti yangu, aliyekuja siku hiyo, akanipa hadithi. Kule Edinburgh, Uskoti, mwaka 1947, walianzisha tamasha kubwa la sanaa kwa mwaliko. Makundi manane ambayo hayakualikwa yakaenda hivyo hivyo, yakatafuta kumbi za pembeni yakaigiza. Leo hao wa pembeni ndio wamekuwa tamasha kubwa kupita lile la wenye mwaliko. Nikamwambia, mwanangu, hizo ni matatu. Sisi pia hatukualikwa. Mabasi ndiyo yaliyokuwa na leseni, matatu zilikuwa zinabeba watu kwa wizi wizi, hadi Mzee Kenyatta alipotangaza mwaka 1973 kwamba ziruhusiwe bila leseni ile ya mabasi. Aliandika hiyo kwenye simu yake. Sijui ataipeleka wapi.

Cha mwisho kilikuwa Alliance Française: maigizo ya papo kwa papo. Waigizaji wanne hawana chochote walichoandika. Wanauliza watu wawape mahali na shida, wanaanza hapo hapo. Watu wakapiga kelele, "Harusi!" "Hospitali!" Mimi nikasema kwa sauti ya steji, "Msako wa trafiki, Muthurwa!" Wakaichukua.

Wakapanga viti vinne, vikawa gari. Kijana mmoja akakaa mbele akishika usukani wa hewa, msichana akawa makanga, akaning'inia kwenye mlango usiokuwapo, na nakubali aling'inia vizuri, mguu mmoja ndani na kiuno nje. Polisi akasimamisha gari. Dereva akazima injini, akashuka, akatoa pochi.

Nilijaribu kunyamaza. Mke wangu ni shahidi.

"Dere hashuki!"

Ukumbi ukageuka. Kijana yule, badala ya kuudhika, alirudi kwenye kiti chake taratibu, akafunga mlango, akanitazama. "Basi mzee, nani anashuka?"

"Makanga. Wewe uko hapo, mguu kwenye klachi, unaangalia mbele kama humjui."

Akafanya hivyo hivyo. Uso wa mbuzi, macho mbele, mguu unatetemeka kidogo kwenye klachi, na mimi huo mtetemo sikumfundisha, aliutoa wapi? Msichana akaruka chini, akazunguka nyuma ya gari, akamsalimu afande kwa mikono miwili, ule mkono unaokaa kidogo zaidi ya salamu. Afande akaurudisha mkono wake taratibu, akaufungua, akauangalia. "Salamu zako ni nyepesi."

Nilicheka hadi nikakohoa. Watu mia na kitu, hakuna spika, na nilisikia hata mkono ukifunguliwa. Baadaye nje kijana yule alinifuata akaniuliza, je, klachi anakanyaga muda wote ule mguu hauchoki? Nikamwambia unachoka.

Kwa wanaotaka hesabu: Ijumaa nisingelipa hata shilingi mia tatu, labda kwa ajili ya yule dada wa maji. Jumamosi mchana ningelipa elfu mbili bila kulia. Jumapili walipaswa kunilipa mimi. Maigizo ya usiku yanaisha saa nne na nusu, kwa hivyo panga usafiri kabla, usitegemee gari la mwisho. Na ukiwa una sikio bovu kama langu, mlangoni uliza kama watatumia spika. Wakisema ndiyo, wana spika kubwa sana, kaa mbali.

Tulirudi kwa 58. Dereva alikuwa kijana, muziki juu, na mke wangu akaamua hapo ndipo pa kunisimulia ule mzaha wa Ijumaa. Nikamwonyesha kwa mkono angoje. Tukafika, akaweka kikoi chake kwenye msumari, akakaa upande wa kulia wa kitanda, akanisimulia wote, kuanzia mwanzo, akicheka katikati.

Kumbe ni ule wa Mluhya na kuku. Nikazima taa.