Reksini, PU au silikoni: uzoefu wangu wa kuvalisha upya benchi za jimu na vitanda vya masaji Nairobi

Nianze na hukumu, kwa sababu najua anayesoma huenda ana benchi iliyochanika na fundi anamsubiri kwenye simu. Kwa benchi za mazoezi, reksini nzito ya PVC, yaani kitambaa kilichofunikwa kwa plastiki, ndiyo ningeinunua tena kesho. Kwa vitanda vya masaji ningechukua kitambaa kilichofunikwa kwa silikoni, ingawa bei yake inauma. PU, ile ngozi bandia laini, sitaiweka tena mahali penye jasho, hata nikipewa bure.

Ninasimamia jimu Buruburu, ghorofa ya kwanza. Tuna ukumbi wa vyuma, vyumba vya masaji, na mapokezi yenye makochi. Benchi nilizokuta zilikuwa za PU, zililetwa mpya na muuzaji wa vifaa vya mazoezi, na hazikumaliza mwaka wa pili kabla ya kuanza kubambuka. Tabaka la juu lilitoka kwa vipande vyembamba vyeusi, vikanasa kwenye migongo ya wateja. Mtu anamaliza kupiga chesti, anainuka, fulana yake nyeupe imejaa madoadoa. Tulipolalamika, muuzaji alijibu kwamba tunasafisha vibaya.

Jibu lile liliniudhi mno, maana hakuna usafishaji ambao ungeziokoa. PU ni tabaka jembamba la poliyurethani lililobandikwa juu ya kitambaa. Maji yakikutana na joto, siku baada ya siku, huvunja minyororo ya kemikali inayoishikilia, na kitu hicho huitwa haidrolisisi. Si PU zote zinazolingana: ile ya msingi wa poliesta huvunjika upesi zaidi, ya polietha huvumilia kiasi, ya polikaboneti hudumu kuliko hizo mbili. Tatizo ni kwamba dukani zote zinaitwa PU, zote ni laini, zote zinanukia upya. Ukitaka kumpima muuzaji, muulize kama mali yake imepitia ISO 1419, kipimo cha kimataifa cha kuzeesha vitambaa vya plastiki kwa haraka. Katika njia mojawapo ya kipimo hicho, sampuli hukaa wiki kadhaa kwenye joto la nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 95. Akikutajia ilistahimili wiki ngapi, mnaweza kuendelea kuzungumza. Akikwambia tu uishike uone ulaini wake, mshukuru uende zako.

Kazi ya kuvalisha upya niliipeleka Kariobangi Light Industries, kwa mzee mmoja aliyeanza maisha yake kwa kushona viti vya matatu. Nilimchagua kwa sababu hiyohiyo. Kiti cha matatu hukaliwa kuanzia alfajiri hadi usiku, hupigwa jua, humwagikiwa soda, hukwaruzwa na mizigo, na mwenye gari hataki kusikia habari ya kurudi kwa fundi kila mara. Nilimwonyesha kipande cha sampuli nilichokuwa nimepewa mjini. Hakukitazama upande wa juu hata kidogo.

“Mama, usinunue kwa macho,” aliniambia. “Pindua uone mgongo.”

Mgongo ndio kitambaa kilicho nyuma ya plastiki. Uliofumwa kwa uzi wa poliesta, kama fulana, unavutika na kurudi, kwa hiyo unaweza kuzunguka pembe ya benchi bila kukunjana. Ule unaofanana na karatasi laini au pamba iliyoshindiliwa ukivutwa unachanika, na ukichanika, plastiki ya juu inafuata. Mzee alikivuta kile kipande changu kwa vidole gumba viwili, kikatoa sauti ya kuchanika. Tulikiacha hapohapo. Tuliyoinunua mwishowe ilikuwa na mgongo wa kufumwa na uzito wa zaidi ya gramu 600 kwa mita ya mraba, aina inayouzwa kwa viti vya boti na vya zahanati. Aina ya boti huchanganywa na kinga ya jua na ya kuvu. Kwa dirisha letu linalotazama magharibi, hilo halikuwa jambo la anasa: Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta, na jua la saa tisa alasiri halina huruma na plastiki.

Wauzaji watakutajia pia idadi ya misuguo. Hapo kuwa makini, kwa sababu kuna vipimo viwili tofauti. Martindale, cha Ulaya, husugua kitambaa kwa mizunguko. Wyzenbeek, cha Marekani, husugua mbele na nyuma. Namba za kimoja hazigeuzwi kuwa za kingine, kwa hiyo mwenye 50,000 za huku hawezi kulinganishwa na mwenye 50,000 za kule. Chama cha vitambaa vya kibiashara cha Marekani, ACT, chenyewe kinasema kwamba kupita misuguo 100,000 ya Wyzenbeek si ushahidi kwamba kitambaa kitaishi zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa laki tano, usilipie laki tano. Benchi ya jimu haifi kwa kusuguliwa. Inakufa kwa jasho, mafuta ya mwili, dawa za kusafishia na mishono.

Mishono niizungumzie kwa kirefu, kwa sababu reksini yenyewe haipitishi maji ila kila tundu la sindano ni mlango. Jasho linaingia pale, linafika kwenye sponji, na sponji iliyolowa haikauki. Harufu ile ya jimu ambayo watu hulaumu soksi mara nyingi imelala ndani ya benchi. Mzee alihamisha mishono yote kutoka juu, mahali mtu analala, akaipeleka ubavuni. Alikataa kabisa ile kamba ya mapambo inayozungushwa ukingoni, kwa kuwa ndiyo hulika kwanza. Alirefusha hatua ya mshono hadi milimita 4 au 5, maana ukishona karibukaribu kwenye plastiki unakuwa umechora mstari wa kuchania. Uzi ulikuwa wa poliesta, ambao huvumilia jua kuliko nailoni. Chini ya kila benchi alitoboa matundu kwenye ubao ili hewa itoke mtu mzito anapojitupa. Bila matundu hayo hewa hutafuta njia yake, na njia iliyo rahisi ni mshono.

Ubao nao. Mbao za zamani zilikuwa MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na tulipozifungua zilikuwa zimevimba kingo hadi pini za stepla zimeng’oka zikiwa na kutu. Sasa tuna plaiwudi, na pini za chuma kisichoshika kutu. Ndani tuliweka sponji ngumu iliyoshindiliwa kutoka vipande, wala si ya godoro. Ya godoro, hata ile nzuri, inabonyea mpaka mtu anahisi ubao mgongoni akiwa ameshika kilo mia.

Matokeo ni mazuri na nayasema kwa furaha. Hakuna kilichobambuka, rangi haijapauka upande wa dirisha, na kukiwa na mvua ya Aprili hatunusi ukungu. Kasoro ninayoiona ni moja: sehemu ya kichwa inaanza kuwa ngumu kuliko kwingine. Ni mafuta ya nywele. PVC hulainishwa kwa kemikali zilizochanganywa ndani yake, na mafuta huzivuta taratibu zikatoka. Zikiisha, plastiki hukakamaa na kupasuka. Tunawaomba wateja watandike taulo kichwani, nasi tunapafuta kwa maji ya sabuni kila jioni.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye silikoni kwa vyumba vya masaji. Pale mafuta ya nazi na ya simsim hayaachi kumwagika, na kitanda cha PVC kilikuwa kimekauka kuzunguka tundu la uso mpaka kinakwaruza mashavu. Silikoni haihitaji kilainishi, kwa hiyo hakuna cha kuvutwa. Inafutika upesi, inavumilia klorini, na wateja wamesema wenyewe kwamba haigandi mgongoni. Bei yake kwangu ilifika karibu mara tatu ya reksini, na nililazimika kuagiza na kusubiri. Fundi naye alilalamika, kwa sababu gundi ya kawaida haishiki juu yake. Ilibidi kila kitu kishonwe na kubanwa. Bado ningerudia, kwa vitanda tu.

Rangi: kimbilio la spa nyingi ni nyeupe. Sisi tulichukua kijivu cha kati. Leso mpya na jinzi nyeusi hutoa rangi, rangi hiyo huingia ndani ya PVC, na ikishaingia hakuna sabuni inayoitoa.

Kuhusu usafi, nilikaa na wafanyakazi wote tukaelewana, kwa kuwa ni afya ya watu. Bakteria wa ngozi, wakiwemo wale sugu kwa dawa, huweza kuishi siku kadhaa juu ya plastiki, na mpasuko mmoja ni shimo ambalo dawa haifiki. Kwa hiyo benchi iliyopasuka tunaitoa ukumbini siku hiyohiyo, haingojei mwisho wa mwezi. Kwa kawaida tunatumia sabuni isiyo kali na maji. Panapohitajika kuua vijidudu, ni sehemu 1 ya klorini ya dukani kwa 9 za maji, inaachwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kisha lazima ifutwe kwa kitambaa cha maji safi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka. Dawa inayobaki juu inaendelea kula plastiki usiku kucha. Spiriti ya asilimia 70 tumeiondoa ukumbini, kwa kuwa ikitumiwa kila siku hukausha reksini na kuua mng’ao wake.

Mapokezi tulikuwa huru zaidi, kwa kuwa hapo watu hukaa wakiwa wamevaa nguo kavu. Mteja mmoja alitusihi tuweke ngozi halisi, na Kenya ngozi nzuri tunayo, ukipita Kariokor utaiona kwenye makubadhi. Lakini ngozi hunywa jasho na huchukia dawa za kuua vijidudu, na anayetoka kwenye vyuma hukaa pale akisubiri teksi kabla hajakauka. Tuliweka kitambaa kizito cha poliesta chenye foronya za zipu, ambazo zinavuliwa na kufuliwa kila wiki mbili.

Kimebaki chumba kimoja cha masaji chenye kitanda cha reksini. Nimeshamwachia mzee vipimo, na silikoni ikifika bandarini ndicho kitakachofuata.