Mashine ya kufulia ya matenki mawili: kwa nyumba zetu za Dar hii ndo yenyewe

Watu wakiulizwa kazi ya nyumbani wanayoichukia utasikia vyombo, utasikia kudeki, utasikia kusugua choo, lakini mimi nasema kufua ndo baba lao, na kwenye kufua kwenyewe kinachomaliza mtu sio kufikicha, ni kukamua. Jinzi mbichi, shuka la sita kwa sita, taulo, blanketi la mtoto aliyekojoa, ukimaliza kukamua hivyo vitu viganja vinawaka moto na kiuno hakinyooki. Ndo maana tenga la nguo chafu linajaa wiki nzima kila mtu analipita tu.

Sasa nimenunua mashine ya kilo 7 (yaani uzito wa nguo inazobeba), ile ya matenki mawili, upande mmoja unafua na upande mwingine unakamua, na masika yote iliyopita tumefulia hiyo kwa hiyo naongea kitu ninachokijua. Kifupi ni kwamba haikuondolei kazi yote, ila inakuondolea ile mbaya kuliko zote, na kwa bei yake hakuna kitu kingine kilichoingia ndani kwetu kikatusaidia namna hii.

Najua mtu atauliza kwanini sikusubiri nijichange ninunue otomatiki. Otomatiki inataka maji yanayotoka bombani kwa presha muda wote inapofanya kazi, yakikata katikati inasimama hapo hapo, na nyingi zile za mlango wa mbele mlango unajifunga na nguo zako ziko ndani zimeloa povu. Huku kwetu Tabata maji ya DAWASA yana siku zake, tunategemea simtanki liko chini na madumu, presha hamna. Mnakumbuka Oktoba 2022 mto Ruvu uliposhuka jiji zima tukaingia kwenye mgao wa maji? Halafu mwaka uliofuata mwishoni ukaja mgao wa umeme mpaka bwawa la Nyerere lilipoanza kuzalisha Februari 2024. Hii ya matenki mawili unamimina maji kwa ndoo, umeme ukikatika unatoa nguo unamalizia kwa mkono, hakuna mlango wa kubembeleza wala kompyuta ya kuungua.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Chini ya tenki kubwa kuna sahani ya plastiki yenye mapezi, inazunguka kulia inasimama inazunguka kushoto, taima yake mwisho dakika 15. Unaweka maji, sabuni ya unga, nguo, unageuza taima unaenda kuangalia mboga. Na yale maji ya sabuni usiyamwage mara moja, anza na nguo nyeupe, zikitoka ingiza za rangi, halafu jinzi, halafu mwisho kabisa matambara ya jikoni na ya kudekia. Ndoo mbili za lita 20 na kidogo juu yake zinakutosha mzunguko mzima wa kufua, kusuuza ndo kunataka maji mengine.

Upande wa kukamua sasa, hapo ndo nilipoipenda. Tenki ni dogo, nguo unazipanga kwa kuzizungusha pembeni sawasawa, usirundike upande mmoja, unazibana chini kwa mkono, unaweka kile kifuniko chembamba cha ndani chenye matundu unakikandamiza juu yake, ndo unafunga mfuniko wa nje. Wengi wanakidharau hicho kifuniko cha ndani halafu wanalalamika mashine inagonga na kutembea mpaka mlangoni. Ukipanga vizuri inaanza taratibu, inachanganya, unasikia maji yanamwagika kwenye mpira kwa nguvu halafu yanapungua yanabaki matone, hata dakika 5 hazifiki. Jinzi inatoka haidondoshi hata tone. Wakati wa masika hilo ni jambo kubwa sana, maana mvua inanyesha siku tatu mfululizo na sare za shule zinatakiwa kesho, zamani zilikuwa zinalala kwenye kamba ya koridoni zinaamka na harufu ya uvundo, sasa hivi tunaanika ndani usiku na asubuhi tunapiga pasi watoto wanaondoka.

Ishu ya umeme lazima niiseme vizuri kwa sababu sisi ni wapangaji na mita ya LUKU tunachangia. Mashine ilivyoshushwa tu mama mwenye nyumba akatoka barazani akasema, "Mwanangu, hiyo si itatumalizia umeme wote humu ndani?" Nikamwambia shikamoo mama, wala tusibishane, njoo tuangalie mita wote. Siku ya kufua wenzetu wakazima friji na feni, tukasoma uniti kabla, tukafua mashuka na nguo za shule, tukasuuza, tukakamua, tukasoma tena. Haikufika hata nusu uniti. Kwa bei tunayolipa sisi ya shilingi 356 kwa uniti na makato yake ndani hiyo ni hela ya pipi. Mama akaangalia ile namba mara mbili, wiki iliyofuata akaleta mapazia yake. Sababu ni kwamba mashine hizi hazichemshi maji, zinazungusha mota tu ya wati mia tatu na kitu, wakati pasi yako ya kawaida ni wati elfu moja na zaidi na hakuna anayeigombania. Kwa hiyo ukikuta wenzio wana wasiwasi usiwagombeze, waoneshe mita.

Mapungufu yapo. Kola za mashati, kwapa na soksi nyeupe za shule haing'oi uchafu wake, hizo lazima uziloweke na uzifikiche kwanza kwa sabuni ya mche ndo uziingize. Khanga na vitenge vinajisokota vyenyewe kwa vyenyewe mpaka unatoa kamba, kwa hiyo weka chache kwa wakati mmoja, na kitenge kipya kifue peke yake maana rangi itahamia kwenye kila kitu. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi kama ndugu zangu wa Kigamboni na baadhi ya mitaa ya Mbezi, sabuni haitoi povu la maana na nguo nyeusi zinabaki na vumbi jeupe, hiyo sio mashine mbovu ni maji, jitahidini maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua. Chandarua chenye dawa usikiweke humu kabisa, fua kwa mkono taratibu kwa sabuni isiyo kali, anika kivulini, mashine itakimaliza dawa na kukichana.

Kingine ni mpira wa kutolea maji. Hii ya kwangu haina pampu, maji yanashuka yenyewe, kwa hiyo mashine lazima iwe juu kuliko pale maji yanapoenda. Bafu letu lina kizingiti, ikabidi tuinyanyue kwenye matofali manne na ubao juu yake, imekaa imara na sasa maji yanatoka yote. Na mwiteni fundi umeme aunge waya wa ethi, msipuuze jamani, unasimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji umeshika mashine iliyochomekwa kwenye soketi.

Kununua. Nilienda Kariakoo, upande wa Uhuru na Msimbazi huko kwenye maduka ya vyombo vya umeme. Duka la kwanza bei ilikuwa chini kidogo lakini nilivyoomba wafungue boksi waichomeke nione inazunguka, wakaanza "sista hii ni mpya kabisa, ukifika nyumbani utajaribu", na waranti wanasema mwaka mmoja ila ukiuliza inahusu nini hawasemi. Nikaondoka. Duka la pili kijana akaifungua mwenyewe, akachomeka, akageuza taima pande zote mbili, akailaza akanionesha mkanda chini unaovutwa na mota, akaniambia kabisa dada waranti ni ya mota peke yake, mkanda na taima vikifa unanunua mwenyewe na vipo hapa hapa Kariakoo. Nilitoa laki tatu na themanini na risiti ya EFD juu, nikachukua kirikuu mpaka nyumbani. Mtu anayekuambia ukweli kuhusu waranti kabla hujatoa hela, mpe hela yako huyo.

Mama anayekuja kutufulia niliongea naye kabla ya kununua, maana kuna watu wakileta mashine kitu cha kwanza ni kumpunguzia mama wa watu malipo au kumwambia asije tena. Sisi anakuja kama kawaida na hela ni ile ile. Anafikicha kola, anapanga nguo kwenye tenki la kukamulia kuliko mimi ninavyopanga, anamaliza mapema anawahi kwake Buguruni, na anasema usiku vidole havimuumi tena. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sababu tosha hata kabla ya mashuka.

Kwenye kazi nyingine za nyumbani nilizozitaja mwanzo, ile ndoo ya deki yenye kikamulio cha kuzunguka nayo nimeipenda kwa sababu hiyo hiyo ya kukamua, na ukoko wa sufuria loweka maji ya moto na sabuni usiku usihangaike na stili waya. Vyoo bado sijapata cha kuvirahisisha, ni brashi na mkono.

Ukubwa chagua kwa watu mlionao. Wawili na mtoto mmoja kilo 5 inatosha, sisi tuko sita na kilo 7 inatufaa japo mashuka yanaingia mawili mawili tu. Blanketi zito haliingii humu, likiingia halizunguki na utaunguza mota, hilo peleka kwa dobi. Kama mnayo mablanketi mengi angalieni za kilo 10 kuendelea, ila pima upana wa mlango wa bafu lako kabla hujaenda Kariakoo.