Mashine ya Kujazia Risasi Nyumbani: Ipi Inunuliwe Kwanza

Sheria ya shirikisho nchini Marekani haimdai leseni mtu anayejaza upya maganda ya risasi kwa matumizi yake mwenyewe, ila anayetengeneza za kuuza. Mwongozo huu basi unawahusu wawindaji na walenga shabaha wanaoishi huko, kwa kuwa Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ni mashine ipi itoayo risasi nyingi zaidi kwa saa, na swali hilo ndilo linalowaponza. Ganda la .38 Special, aina ya risasi ya bastola, lina nafasi kubwa kiasi kwamba kipimo cha baruti kinaweza kumiminwa mara mbili bila kufurika, na risasi ya namna hiyo huweza kupasua silaha mkononi mwa mpigaji. Kwa anayeanza, mashine bora ni ile inayomlazimisha kuchungulia kila ganda kabla ya kulifunga.

Kwa hiyo ninaiweka ya kwanza presi ya hatua moja, hasa ya chuma cha kusubu kama RCBS Rock Chucker Supreme. Hushika kalibu moja tu kwa wakati, yaani kifaa cha chuma kinacholirudishia ganda umbo lake au kuifunga risasi, hivyo maganda yote humaliza hatua moja kabla ya kuanza nyingine. Yakishatiwa baruti husimama pamoja kwenye kibao chenye matundu, ukayamulika kwa tochi na kulinganisha kina cha baruti. Mwendo wake ni wa kobe, lakini hata ukinunua ya kasi baadaye hutaitupa.

Ya pili ni Lee Classic Turret, yenye kichwa cha kalibu 4 kinachojizungusha kila unapovuta mkono wa mashine. Ukichomoa fimbo inayokizungusha, inafanya kazi kama presi ya hatua moja. Kwa mpiga bastola wa kila wiki, ningesita kidogo kabla ya kuiweka chini ya ile ya kwanza.

Ya tatu ni Dillon XL 750 yenye vituo 5, yaani sehemu ambazo ganda hupitia hatua kwa hatua, ambayo hutoa mamia ya risasi kwa saa. Kosa nalo huzaliana kwa kasi hiyo hiyo, kwa hiyo kituo kimoja kipewe kifaa cha kukagua kina cha baruti.

Mwisho kabisa ni Lee Loader, seti ndogo inayogongwa kwa nyundo, ambayo aliyewahi kuona gobole likishindiliwa kwa mdeki hataishangaa. Ni rahisi kwa bei, lakini kugonga fataki, yaani kiwashio cha baruti kitakoni mwa ganda, kwa nyundo mimi siwezi kukupendekezea.

Hata hivyo, fedha za mwanzo ziende kwenye mizani na kitabu cha vipimo, kama cha Lyman au Hornady, ambacho hutaja kipimo cha kuanzia na cha juu. Anza na cha chini. Baruti hupimwa kwa greni, ambazo 7,000 hufanya ratili moja, na mizani isome hadi sehemu ya kumi ya greni. Mimi hupendelea ya mkono wa kusawazisha, isiyotegemea betri, ikaguliwe kwa mawe yake kabla ya kila kazi. Kwa maganda ya bastola yaliyonyooka nunua kalibu za kabaidi, yaani zenye madini magumu na laini kwa kuteleza, kwa sababu humo hayahitaji kupakwa mafuta. Ya bunduki yenye shingo nyembamba yasipopakwa hukwama ndani ya kalibu, na kuyatoa huko ni kazi ya mchana mzima.