Tahadhari kwa wanaopangia watoto vyumba Malindi: anadai kodi ya chumba alichokwisha kumpa mtu mwingine

Wazazi na wanafunzi mliopanga Malindi, hasa mnaotoka Lamu na Tana River ambao hamna jamaa wa kuwachungulia hapa mjini, someni hii mpaka mwisho. Kuna dalali wa vyumba vya wanafunzi anayezunguka Muyeye, Barani na pande za Maweni. Mwanafunzi akihama kabla ya mwaka wa masomo kuisha, anamwandama kwa kodi ya miezi iliyobaki, na chumba chenyewe amekwisha kumpangisha mwingine. Mlango mmoja, kodi mbili. Amejaribu kwa binti wa dada yangu, na nimeonana na wengine waliomlipa kwa hofu tu. Jina lake siliweki hapa kwa kuwa madai yetu yako mahakamani na sitaki kuyaharibu. Lakini mwenendo wake ni uleule kwa kila mtu, na ukiujua utamtambua hata akibadilisha laini ya simu.

Huyu si mwenye nyumba. Ploti nyingi za wanafunzi hapa ni za watu wanaoishi Mombasa au walioko Uarabuni kikazi, wakaacha keateka wa kufagia na dalali wa kuleta wapangaji. Msimu wake ni Septemba, watoto wanaposhuka kwenye basi na mabegi, hawajui mtaa wala bei. Anakuonyesha singo, yaani chumba kimoja, yenye maji na mita ya tokeni, anasema kuna mwenzako anakitaka leo hii, na kabla jua halijazama ushatuma kodi na dipoziti kwa simu yake. Karatasi ya mkataba inakuja baadaye. Ni moja tu, unaisaini juu ya goti, na anaondoka nayo.

Binti yetu alipanga kwa shilingi 6,000 kwa mwezi na dipoziti ya 6,000. Kilichomwokoa ni kwamba aliipiga ile karatasi picha kabla dalali hajaikunja mfukoni. Imeandikwa kodi ilipwe kufikia tarehe 5, na anayetaka kuvunja upangaji, awe yeye au mwenye nyumba, atoe notisi ya mwezi mmoja. Habari ya muhula au semista haimo.

Mwanzoni mwa Desemba chuo kikampa barua ya atachimenti, yaani mazoezi ya kazi, aende hospitali Lamu kuanzia Januari. Siku hiyohiyo alimwandikia dalali kwenye WhatsApp kwamba atahama mwisho wa mwezi. Jibu lilikuwa, "Sawa hakuna shida, funguo uache kwa keateka." Desemba aliilipa yote. Alipohama alipiga picha kuta, sinki na mita ya stima, akakabidhi funguo, akaambiwa dipoziti itarudi chumba kikishakaguliwa. Akapanda basi la Mokowe.

Januari ikapita kimya. Februari ikaja meseji: anadaiwa kodi ya Januari hadi Aprili, jumla 24,000, dipoziti imeshakatwa, kwa hiyo alete 18,000 kufikia Ijumaa, la sivyo atapelekwa kituoni na chuo kitaambiwa kimzuie mtihani. Mtoto alinipigia akilia. "Mamdogo, anasema atanifuata mpaka hospitali." Yuko wodini na wagonjwa, na simu inaita tangu alfajiri.

Meseji ile iliambatana na picha ya mkataba, na hapa nataka kila mmoja aangalie kwa makini, kwa sababu ndipo ujanja wenyewe ulipo. Niliziweka picha mbili sambamba, ile ya Septemba aliyoipiga binti na ile ya Februari iliyotoka kwa dalali. Karatasi ni ileile. Hata doa la chai kwenye pembe ya kushoto lipo kwenye zote mbili. Lakini kwenye picha ya Septemba, chini ya sahihi kuna nafasi tupu. Kwenye ya Februari nafasi hiyo imejazwa mstari mmoja: mpangaji atalipa mpaka mwisho wa Aprili hata akihama. Sahihi zote ni za biro nyeusi. Mstari huo ni wa biro ya bluu, na umebanwa usiguse sahihi.

Nikaenda kwenye ploti mwenyewe. Mlangoni pamefungwa pazia jipya, ndala za kike ziko kizingitini, na msichana anafua sare kwenye beseni. "Shikamoo mama, karibu," akanitolea kiti. Nilipomweleza kilichonileta, alikausha mikono akanionyesha simu yake. Aliingia wiki ya pili ya Januari. Kodi 6,000, dipoziti 6,000, na jina lililopokea pesa kwenye meseji ya M-Pesa ni lilelile lililopokea za binti yetu. Skrinshoti alinitumia mwenyewe, wala sikumlazimisha. Namshukuru sana yule mtoto, kwa sababu naye ameshasaini karatasi ya namna ileile yenye nafasi tupu chini.

Kwa msaada wa keateka tulimpata mwenye nyumba kwa simu, yuko Mombasa. Yeye ameambiwa chumba kiko wazi tangu Januari. Kwa hiyo hata kodi ya yule msichana haijamfikia.

Nilimpigia dalali nikamweleza yote hayo. Hakubisha. Alisema, "Mama, haya ni mambo ya mkataba, mwambie mtoto alete nusu tuyamalize." Jioni yake nusu ikawa 5,000. Deni la haki halishuki bei kwa simu kama samaki wa magharibi. Chifu alimwita, hakutokea.

Sasa niseme niliyojifunza kuhusu sheria, maana vitisho vyake vinakula watu wasioijua.

Mpangaji anayelipa kwa mwezi, bila mkataba kutaja muda maalumu, ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Mkataba ukinyamaza kuhusu notisi, au ukipanga kwa mdomo tu, kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamruhusu yeyote kati ya hao wawili kuuvunja upangaji kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha malipo, inayoishia siku ya kodi. Mkataba wa binti yetu ulisema mwezi mmoja, naye akatoa notisi, Desemba akailipa yote, na dalali akakubali kwa maandishi. Hadaiwi kitu.

Kama umesaini mkataba wa muda maalumu, tuseme wa miezi minane, hapo ni tofauti, na sitamdanganya mtu. Ukiondoka katikati mwenye nyumba anaweza kukudai kweli. Ila anayedai fidia kwa mkataba uliovunjwa anatakiwa apunguze hasara yake kadiri awezavyo, na chumba kikipata mpangaji mwingine, hasara ya miezi hiyo haipo tena. Hawezi kula kwako na kwa mpangaji mpya. Ndiyo maana swali la kwanza si "nalipa lini", bali "nani anakaa mle ndani, na tangu lini". Rudi ukaangalie, au umtume rafiki abishe hodi. Na kama kweli uliondoka bila notisi, lipa mwezi wa notisi na usikimbie; mimi mwenyewe napanga duka, na wenye nyumba waaminifu wako wengi mji huu.

Polisi: deni la kodi ni la madai, si la jinai. Hakuna polisi wa kukutia ndani kwa kuchelewa kodi. Mwenye kuogopa kituo ni anayejipatia pesa kwa udanganyifu, ambalo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 3. Nilipomtajia dalali hilo aliniambia meseji hakunitumia mimi bali mtoto, akakata simu.

Kuhusu mtihani, nimemwambia binti aende kwa mkuu wa wanafunzi, na jibu ni kwamba kodi ya chumba cha nje ni yako na aliyekupangisha, chuo hakina mkono. Na wewe uliza kwenye chuo chako, upate jibu kwa mdomo wao, usikae na kitisho peke yako usiku.

Kuna kijana mmoja ambaye dalali huyuhuyu alimfungia mtungi wa gesi na godoro, akisema ni rehani ya kodi. Hilo nalo halifai. Kukamata mali kwa ajili ya kodi kuna sheria yake, Sura ya 293, na kazi hiyo hufanywa na mpiga mnada mwenye leseni, kwa karatasi, siyo kwa dalali kupachika kufuli lake. Kijana alilipa 7,000 akomboe godoro. Mama yake anauza mahamri. Kila nikimkumbuka nakasirika upya.

Wengine watakuelekeza kwenye baraza la kodi za nyumba. Baraza hilo, chini ya Sura ya 296, linahusika na nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani sana, na singo ya mwanafunzi Malindi leo imekipita. Njia yenye nafuu ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa iamue ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Dipoziti iliyoshikiliwa ni pesa yako iliyo mikononi mwa mtu, na hiyo ni aina ya dai wanalolipokea. Nenda masijala ya mahakama, uliza fomu ya madai madogo, beba ushahidi wako umechapishwa.

Na ushahidi ndiyo kila kitu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kusaini, usiiachie karatasi bila kuipiga picha, kurasa zote, pamoja na nafasi tupu. Bora zaidi, piga mstari wa kukata kwenye nafasi zote zilizobaki wazi, hasa chini ya sahihi, na umwambie naye asaini kando ya mstari. Hachukii mtu mwenye nia safi. Unapotuma pesa, lile jina la mpokeaji linalotokea kabla hujathibitisha lisome. Kama si jina lililo kwenye mkataba, simama hapo uulize. Notisi itoe kwa maandishi hata kama mmeongea kwa mdomo na mkapeana mikono. Funguo zikabidhi mbele ya mtu, na umwandikie dalali kwamba umezikabidhi, kwa nani na lini. Namba ya simu ya mwenye nyumba mwenyewe itafute tangu siku ya kwanza. Dalali akikataa kukupa, hicho si chumba cha kulipia dipoziti.

Ukishapokea meseji ya kudaiwa, usijibizane naye kwa simu. Jibu kwa maandishi mara moja: tarehe ya notisi, tarehe ya kuhama, na umuombe mkataba mzima na jina la aliyeingia baada yako. Wala usitume "kidogo cha kuanzia". Ukituma hata 500 atakwambia umekubali deni, na ndivyo alivyomfanyia kijana wa godoro.

Wazazi, nawaomba jambo moja zaidi. Mtoto akiwaambia anadaiwa, msimgombeze kwanza. Wawili kati ya niliozungumza nao walilipa kwa siri kwa pesa za mkopo wa masomo wa HELB, wakashinda njaa, kwa sababu waliogopa baba kuliko walivyomwogopa dalali.

Kwa sasa madai ya binti yetu yamewasilishwa: dipoziti 6,000 na gharama. Waliopanga kwenye ploti zile na wakamlipa mtu huyu kodi baada ya kuhama, msifute meseji zenu. Piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa ya miezi ile, tafuta picha ya mkataba wako hata kama ni hafifu, na andika namba ya chumba na mwezi uliohama. Ukijua aliyeingia baada yako, mwombe naye atunze zake. Mwenye nyumba wa Mombasa amekubali kuja kutoa ushahidi kuhusu chumba chetu, na ameanza kuuliza kuhusu vingine.