Puti ya kufunikia rangi za mabaka: nimeijaribu kwenye Leopard 2

Wanaojenga modeli za vifaru watanielewa. Kuunganisha vipande ni raha, kupuliza rangi ya msingi ni raha, ila ukifika kwenye mabaka, yale madoa ya rangi ya kukificha kifaru, ndipo mkono unaanza kusita. Puti hii, ya kufunika sehemu zisizotakiwa kupata rangi, nimeitumia kwenye modeli ya Leopard 2A4, kifaru cha Ujerumani, ya kipimo cha 1:35. Imenifurahisha kwa mambo makubwa, na kwa mengine imenikera kwelikweli.

Usiichanganye na puti ya mafundi wa magari inayokauka ikawa ngumu. Hii haikauki. Ni donge la silikoni: ukilivuta taratibu linarefuka kama bazoka ya kutafuna, ukilivuta kwa ghafla linakatika. Asili yake ni Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanakemia walipokuwa wakihangaika kutafuta mpira wa kutengeneza viwandani. Walipochanganya silikoni na asidi ya boroni walipata kitu kinachodunda na kunyumbulika, lakini hakikufaa kuwa mpira. Leo tunafunikia vifaru vya plastiki.

Nilichagua Leopard kwa makusudi. Tangu 1984 jeshi la Ujerumani Magharibi lilianza kupaka magari yake rangi tatu: kijani RAL 6031, kahawia RAL 8027 na nyeusi RAL 9021 (RAL ni orodha ya namba za rangi). Mabaka hayo hayakuwa ya kujipakia tu kama dereva anavyopenda. Yalikuwa na mchoro, kila baka na mahali pake, na ukingo kati ya rangi na rangi unaonekana wazi. Sasa piga hesabu. Kwenye 1:35, milimita moja ni sentimita tatu na nusu za kifaru chenyewe. Ukipuliza kwa brashi ya hewa, yaani kipulizio kidogo cha rangi, bila kufunika, ukungu wa milimita tatu tu pembeni mwa baka tayari ni zaidi ya sentimita kumi, na jicho linaona mara moja kwamba hapa pana uongo. Ndiyo maana Leopard inataka kufunikwa.

Rangi nilizotumia ni za kampuni ya Tamiya: XF-67 kijani, XF-68 kahawia na XF-69, ambayo inaitwa nyeusi lakini ukiiweka kando ya nyeusi halisi ni kijivu kilichokolea. Ni afadhali iwe hivyo, kwa sababu nyeusi tii kwenye kitu kidogo huonekana kama tundu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unapuliza kijani kifaru kizima na kukiacha kilale hadi kesho yake. Kisha unafunika kila mahali panapotakiwa kubaki kijani, unapuliza kahawia, unafunika kahawia, unamalizia na nyeusi. Hapa ndipo puti inapoiacha tepu ya karatasi mbali kabisa. Juu ya kichwa cha Leopard, ile sehemu inayozunguka yenye mzinga, pana vifuniko, periskopu (vioo vya kuchungulia nje), ndoano na vijibolti. Tepu ikipita juu ya bolti inainuka, na rangi inapenya chini yake. Puti unaikandamiza kwa kijiti kilicholowana maji nayo inashuka hadi kwenye pembe kati ya kifuniko na bamba. Unaweza kuusukuma ukingo wake huku na huku mpaka mkunjo ulingane na mchoro. Pulizia ukiwa wima juu ya ukingo, presha ndogo ya kama bar moja, tabaka nyembamba nyembamba. Rangi ikijaa pembeni mwa puti, ukibandua utabaki na kijituta kinachoshikika kwa kucha, na kukiondoa ni kazi ya msasa laini wa maji.

Kubandua ndiko kunakonogesha. Rangi zote tatu zinajitokeza kwa mpigo, mistari imenyooka pale inapotakiwa kunyooka na imepinda pale inapotakiwa kupinda.

Sasa kero. Puti hii haitulii. Ukiiweka inaanza kutambaa, polepole sana, kwa uzito wake yenyewe. Mahali palipolala inapanuka. Kwenye mabamba ya pembeni inateremka. Ukikaa nusu saa unahangaika na upande wa kushoto, ule wa kulia si ule uliouacha, na kwenye maelekezo ya pakiti hakuna hata mstari unaokutahadharisha. Tiba ni kugawa kazi: kichwa peke yake, funika, puliza, bandua, kisha bodi, kisha mabamba, ambayo ni bora yafunikwe na kupulizwa yakiwa yamelazwa mezani kabla ya kuyapachika. Ukitaka kufunika kifaru kizima kwa mara moja kisha ukanywe chai, nunua kitu kingine.

Kero ya pili ni mianya. Kwenye nyavu za injini nyuma inaingia na haitaki kutoka. Usichokonoe kwa sindano. Chukua donge kubwa la puti hiyohiyo, likandamize juu yake, subiri kidogo, kisha livute kwa kasi. Mara nyingi linaondoka na wenzake. Kuna watakaokushauri spiriti, na ni kweli spiriti inailainisha puti, ila inaivua na rangi ya Tamiya vilevile. Mimi nyavu nilizifunika kwa tepu kwanza, puti ikapita juu yake.

Pia inaacha mng'ao hafifu wa mafuta kwenye rangi isiyong'aa. Maji ya sabuni na brashi laini yanautoa, na vanishi isiyong'aa inamaliza yaliyobaki. Ni jambo dogo.

Je, inafaa kwa kila kifaru? Hapana. Chukua Panther, vifaru vya Wajerumani vilivyoingia vitani Kursk, Urusi, Julai 1943. Amri ya Februari mwaka huo iliweka njano iliyofifia kuwa rangi ya msingi, na askari wakapewa kijani na kahawia nyekundu za mkebe, nzito kama gundi, wazizimue wenyewe na kupuliza huko huko waliko. Matokeo yake ni kingo zenye ukungu, na mara nyingi hakuna vifaru viwili vinavyofanana. Ukitumia puti hapo utapata Panther iliyobandikwa stika. Brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.2 na mkono uliotulia vinatosha. Na zile Chieftain, vifaru vya Waingereza waliokuwa Berlin miaka ya 1980, zenye mistatili ya kijivu, nyeupe na kahawia, hizo ni za tepu tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo la mwisho ni kiasi. Pakiti moja haitoshi Leopard nzima ukiitandaza kila mahali. Tengeneza vijikamba vyembamba, uviweke kwenye kingo tu, katikati ya baka ujaze tepu au karatasi. Puti inadumu zaidi, uzito unapungua, na hata kule kutambaa kunapungua sana kwa sababu donge ni dogo. Vipande vilivyojaa magamba ya rangi kavu vitupe, maana gamba moja likikwama ukingoni linaacha mkwaruzo kwenye baka linalofuata.